Rundo la Mnana

Zamani, wanyama walipokuwa na mataifa yao, kila mavuno walirundika mazao uwanjani na Kobe akayapima. Taifa lenye rundo refu lilikunywa kisimani kwanza. Lenye rundo fupi lilikunywa mwisho, tope tupu. Mnana, wale ndege wadogo wanaosuka viota, walibeba mbegu mojamoja kwa mdomo, na kila mwaka walikunywa tope.

"Ongezeni bidii!" Tembo aliwacheka.

Mwaka mmoja Mama Mnana, mkuu wao, aliwakataza kubeba mbegu. "Bidii tunayo. Leo tukawatazame hao wakubwa wanavyobeba."

Wakatazama. Tembo alimwaga nusu ya mtama wake njiani. Nyani alidondosha maembe kila alipojikuna. Mnana wakarudi kwao wakaanza kusuka, safari hii si viota, bali vikapu vikubwa vyenye mikono.

Tembo akaazima kimoja, akafika uwanjani bila kumwaga hata punje. Nyani akaazima viwili. Siku ya kupima, marundo yote yalikuwa ndani ya vikapu, yamepangwa kikapu juu ya kikapu, marefu kuliko mwaka wowote.

"Mnana, lenu liko wapi?" Kobe akauliza. "Sioni hata mbegu."

Nyani akaangua kicheko.

"Kweli, mzee, hatuna," akasema Mama Mnana. "Basi waturudishie vikapu vyetu, halafu upime."

Kicheko kikakatika. Tembo akakikumbatia kikapu chake.

"Hapana, mama!" akasema Tembo. "Tangulieni kisimani!"

Mnana wakanywa maji maangavu, wakaoga, wakaimba, huku Tembo akingoja zamu yake, kikapu mkongani.