Godoro la Mpangaji

"Weka chini hilo godoro!"

Maximilla alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni. Mbele yake alikuwa Kipriani, mpangaji wake, na godoro kichwani limefungwa kamba. Mtu anahama bila kuaga! Tangu lini, hapa Heru Juu, mpangaji anaondoka kama mwizi wa kuku?

"Si ndiyo nakuaga, mama."

"Kuaga ni mwezi mmoja kabla! Ndivyo tulivyopatana. Tena maharage yako hapo uani hayajakomaa. Nani anaacha maharage kama hana wazimu?"

"Chuma majani yake, mama, upike leo leo."

Dharau gani hiyo! Nyumba ile aliijenga marehemu mumewe, tofali kwa tofali, na hakumwachia kitu kingine duniani. Leo dereva huyu anaidharau.

"Na mbona unabeba kichwani? Lori la serikali unaloendesha kila siku lina nini?"

"Lina kazi kesho." Kipriani akatazama huku na huku, akapunguza sauti. "Mama, nawe funga vitu vyako. Nguo, sufuria, jembe. Funga leo, tafadhali."

"Ati nini? Nifunge vitu, nyumbani kwangu? Yebaba wee! Sasa mpangaji ndiye anamfukuza mwenye nyumba?"

Akampokonya godoro, akalitupa chumbani na kupiga kufuli.

"Litakaa humu mpaka umalize mwezi wako. Mshenzi mkubwa!"

Kipriani akateremka mlima mikono mitupu, huku Maximilla akimtukana mpaka alipopotea kwenye migomba. Kisha mama akaingia ndani, akapika ugali wake akala.

Asubuhi lori likapanda mlima. Mgambo wenye bunduki wakaruka chini.

"Hapa panahamwa! Wote kijiji kipya cha ujamaa, sasa hivi!"

Wawili walikwisha kupanda juu ya nyumba, wanaezua paa.

"Sasa hivi?" Maximilla alipiga kelele, nyasi zikimwangukia kichwani. "Bila hata notisi? Nipeni mwezi mmoja tu! Nyumba ya mume wangu hiyo, nyie hamna mama zenu?"

"Chukua kilichofungwa, upande!"

Katika nyumba nzima kilichofungwa kilikuwa kimoja tu. Wakampandisha nacho, amekikumbatia, na Kipriani akawasha lori bila kugeuka.