Dohani ya Baba Mwanakombo

Somoe aliposhusha kicha cha mwisho cha mahindi ya mbegu kutoka darini, vumbi la unga lilimmwagikia usoni.

Alimenya ganda. Kila punje ilikuwa na tundu, na fukusi walikuwa wakitembea humo kama wako kwao. Vicha vyote sita vilikuwa hivyohivyo. Nje, wingu la kwanza lilishatanda juu ya Newala, na majirani walikuwa wakichimba mashimo ya kupandia.

Mbegu hiyo waliificha porini mwaka wa Maji Maji, askari walipochoma maghala. Walikula mizizi, wakala majani, hiyo hawakuigusa.

"Lakini ulivitundika juu ya moto," mumewe alisema, "kama alivyokuwa akifanya mama."

Somoe alitazama mianzi ya dari. Ilikuwa myeupe, haina hata chembe ya masizi. Kisha akaitazama ile dohani ya matofali ya udongo, ambayo mumewe alijifunza kuijenga kwenye nyumba ya Mjerumani. Kijiji kizima kilikuja kuishangaa! Ilivuta moshi wote, ikautupa nje. Moshi uleule uliokuwa ukiwafukuza fukusi tangu enzi za mababu.

"Nilikuonea huruma, Mama Mwanakombo. Kila ukipika, machozi yanakutoka."

Somoe alimshika mkono, akamkunjua vidole, akamkung'utia ule unga kiganjani.

"Macho yamepona, Baba Mwanakombo," alisema. "Naona mpaka fukusi."