Gauni la Valentine

"Hapa kwa bei hujaandika kitu," Gladys alisema, akairudisha karatasi upande wa pili wa meza. "Suti umeandika, viatu umeandika. Hili gauni je?"

"Halina bei, Madam," Abner alijibu. "Mimi nataka tu litafutwe."

Gladys alikuwa amehamishwa majuzi kutoka Nyamira kuja ofisi hiyo ya mjini Kisii, na kazi yake ilikuwa kuwabana maofisa waliorudi kutoka ng'ambo. Dola zilizobaki zirudishwe benki, risiti ziletwe, mzigo uliopotea uandikwe hadi soksi. Kazi aliijua kwelikweli. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuwa mtu wa kungoja mwenzake amalize sentensi.

Abner, ofisa wa kilimo, alikuwa ametumwa Uarabuni kwenye maonyesho ya majani chai. Yeye alirudi, begi lake halikurudi. Tangu hapo alipita kwa Gladys kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, kuuliza kama shirika la ndege limepiga simu.

"Gauni lenyewe likoje?"

"Jeupe. Limevaliwa. Ni la Valentine, kifungua mimba wangu. Alikwenda huko kufanya kazi za nyumba. Safari hii nilifika kwa mwajiri wake, wakanipa hilo gauni. Sasa Jumapili ya mwisho wa mwezi watu wanakuja kwangu Kiogoro. Mahema tumelipia, kwaya ya Waadventista wa Nyanchwa imekubali, na bila hiyo nguo hatuwezi..."

"Usiniambie zaidi," Gladys akamkata, uso umemchangamka. Mahema, kwaya, gauni jeupe, tena Jumapili! Nani asiyejua Waadventista hungoja Sabato ipite ndipo wafanye harusi? "Hata mimi niliolewa nimevaa gauni la kuazima, mzee wangu. Niachie mimi."

Abner aliinuka kitini. "Mama yake halali," alisema tu, akatoka.

Basi Gladys akalivalia njuga jambo lile. Aliwapigia watu wa ndege hadi wakaijua sauti yake. Mwishowe wakamjibu kwamba begi bado linatafutwa, na huenda ikachukua wiki kadhaa. Lakini ofisi, kwa kuwa ndiyo iliyonunua tiketi, ikikubali fidia, pesa zitatumwa mara moja, msako ufungwe, na begi hata likionekana halitarudishwa tena.

Aliyasoma hayo mara mbili. Wiki kadhaa, na bibi harusi anangoja? Kwa fidia ile si angepata gauni jipya, la dukani, lisilowahi kuvaliwa na mtu? Akatia sahihi.

Na dola zilipoingia, Gladys yule yule wa risiti alifanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia ofisa yeyote. Alimbembeleza mkubwa wake zisikwame kwenye taratibu, akaenda benki kuzichukua mwenyewe. Siku hiyo alirudi nyumbani na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu ahamishwe.

Jumapili alivaa kitenge chake cha manjano, akapanda boda boda hadi Kiogoro. Watu walikuwa wamejaa mahema yote hadi kwenye migomba. Walikitazama sana kile kitenge, naye akadhani wamekipenda.

Abner alimjia mbiombio. "Madam, limepatikana?"

"Zaidi ya kupatikana." Akamwekea bahasha mkononi. "Fidia yako yote, mzee. Kutafuta wameacha, nimeshatia sahihi. Mnunulie mtoto gauni jipya."

Abner aliishika bahasha bila kuifungua. Kisha akakaa chini kwenye nyasi mbele ya wageni wake na kuanza kulia. Gladys akainama amwinue, akimuuliza amekosea wapi, nini kimepungua.

Ndipo wanaume wawili wakatokea nyuma ya nyumba, udongo mwekundu umewajaa hadi magotini, wakamuuliza Abner kwa sauti ya chini kama nguo ya Valentine imefika iwekwe badala ya mwili ambao haukurudishwa, au sasa wazike jeneza likiwa tupu.