Toa Hewa Kwanza

Dizeli ilimrukia usoni, ikamwingia kwenye kope na mdomoni, na mjane akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne.

"Nati ya juu ya chujio," ndivyo alivyosoma kwenye simu. "Ilegeze kidogo, kaka. Nasema kidogo." Yeye akaizungusha mpaka ikamtoka mkononi.

Boti ilifika wiki tatu nyuma juu ya lori, kutoka bandari iliyo mbali kwa safari ya siku mbili. Dalali aliisifia kama mtu anayeoza binti: mwili imara, mashine haili dizeli ovyo, mwenyewe alikuwa mtunzaji. Kisha akamwandikia namba kwenye kipande cha karatasi.

"Huyu ndiye aliyeniuzia. Hataki kupigiwa, ana mambo yake. Lakini ukimwandikia, anajibu."

Na kweli alijibu. Jamaa alikuwa na subira ya ajabu. Alimfundisha kubadilisha oili ikiwa bado vuguvugu, kumwaga maji yanayojikusanya chini ya chujio la dizeli, kukagua feni ya mpira ndani ya pampu ya maji kabla haijalika. Tangu siku ya kwanza alimwita kaka, maana hakuwaza kwamba mwanamke angeweza kununua boti. Mjane hakumsahihisha. Jina hakuulizwa, wala yeye hakuuliza. Laini yake ya zamani aliitupa mwaka ule wa msiba, alipochoka na pole za watu, na kwenye hii mpya wengi waliompigia walikuwa wamekosea namba. Kaka ilimtosha.

Mama mkwe ndiye hakuelewa. "Boti imekulia mume, na wewe unakwenda kununua boti?"

"Nataka nifike pale, mama. Nimuage."

Pale palikuwa nyuma ya visiwa vya mawe, mwendo wa saa moja. Huko ndiko boti ya mumewe ilikokutwa ikielea tupu, mashine imezima. Mwili haukuonekana. Watu walisema aliruka ili aogelee kutafuta msaada, maana alikuwa mtu wa usukani tu. Mambo ya mashine alimwachia fundi. Wenye boti wote pale gatini walikataa kuwapeleka, wakisema hawabebi watu wa kwenda kulia majini. Mama alikuwa na mtoto huyo mmoja, na kila mwaka alizidi kupungua, mpaka magauni yake yakawa yanamvaa yeye. Mjane aliogopa asije akafa kabla hajafika mahali pa kumlilia mwanawe.

Wiki ya pili likaja somo la hewa. "Mashine ikikata katikati ya maji usihangaike na betri," jamaa aliandika. "Mara nyingi ni hewa imeingia kwenye njia ya dizeli. Legeza nati, bonyeza kile kipampu cha mkono, povu likiisha kaza. Dakika kumi umemaliza."

Mjane aliposoma dakika kumi, aliketi kwenye sakafu ya boti, miguu ndani ya maji machafu, akalia mpaka koo likakauka. Dakika kumi tu, na mtu angerudi nyumbani akala chakula chake.

Akaandika: "Nina mtu wangu alipotea kwa kutolijua hili."

Jibu lilikuja kesho yake. "Pole sana, kaka. Hata mimi nilijifunza nikiwa nimeshachelewa."

Alilisoma mara nyingi. Tangu hapo alijikuta anaitazama simu kila aliponawa mikono, kisha anaona haya mbele ya picha ya marehemu ukutani. Moyo wake ulikuwa umeanza kuchangamka, na hilo lilimuuma kuliko majonzi yenyewe.

Siku ya safari mama mkwe alivaa gauni lake la msibani, akaketi wima kwenye benchi la mbele na kushika ukingo kwa mikono miwili. Mashine iliwaka mara moja. Hawakuwa wameipita hata nguzo ya mwisho ya gati ilipokohoa, ikakohoa tena, ikazima.

Mjane akashika spana. Akalegeza, akabonyeza, akabonyeza tena. Povu halikuisha. Boti ikaanza kujigeuza yenyewe taratibu. Akatuma ujumbe wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kimya.

"Mpigie," mama mkwe akasema.

"Hataki kupigiwa, mama."

"Tumesubiri miaka minne. Yeye atashindwa kutuvumilia dakika moja? Mpigie!"

Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika. Akapokea mwanamke, na nyuma yake mtoto mchanga alikuwa akilia.

"Haloo? Subiri kidogo, anamwogesha mdogo." Kisha akapaza sauti. "Baba watoto! Simu! Nadhani ni yule kaka yako wa boti!"

Zikasikika ndala zikiburuzwa sakafuni.

"Haloo, kaka," mwanamume akasema, akihema kidogo. "Nisamehe, nilikuwa na mtoto. Imekugomea?"

Mjane aliisikiliza sauti ile. Aliitua spana chini, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Haloo? Povu bado linatoka?"

"Anasemaje?" mama mkwe akauliza.

Mjane akamnyooshea simu.

"Zungumza naye mwenyewe, mama," alisema. "Ni mwanao."