Taa ya Kijani

Dada yangu Atupakisye anafanya kazi upande wa pili wa Mwezi, ambako redio haifiki. Hutujibu kwa neutrino, chembe ndogo mno zinazoupenya Mwezi mzima hadi kwenye kisanduku kilicho juu ya kabati letu hapa Tukuyu. Aina moja ya chembe huwasha taa ya kijani, yaani ndiyo; aina nyingine nyekundu, yaani hapana. Mpaka leo kisanduku hicho kinanishangaza.

Asubuhi ile mama alimuuliza, "Mkataba ukiisha, utarudi nyumbani?"

Taa ikawaka kijani. Mama akapiga kigelegele, jirani yetu Bi Sekela akachungulia dirishani.

"Mnamwoza nani bila kunialika?"

"Mwanangu anarudi!"

Saa nne redio ikatangaza kwamba wimbi la mvutano, mtikisiko wa anga lenyewe, lilikuwa limepita asubuhi hiyo. Nyota mbili ziligongana kabla binadamu hajakuwapo, na mtikisiko wake ulipotufikia uligeuza neutrino nyingi kutoka aina moja hadi nyingine. Waliopokea majibu wakati huo waulize upya.

Nilisisimka. Nyota za mbali kiasi hicho zimegusa kabati letu!

"Mama, nibonyeze tuulize tena?"

Mama alikuwa akitandika kitanda cha dada. Alikuja taratibu, akakifunika kisanduku kwa kitambaa cha kufuma, kile cha wageni.

"Wimbi limetoka mbali, mwanangu. Liache lipite kwanza. Tutauliza kesho."

Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku ile, na kitambaa bado kiko juu ya kisanduku. Kila Jumamosi mama hubadilisha shuka za kitanda kile.