Upande wa Mgonjwa

Kinyozi alifika juu ya ngazi za hospitali kwanza, akamsubiri mkewe huku akipiga mluzi. Mke alikuja nyuma polepole, amebeba koti la mume, chupa ya maji ya mume na dawa za mume, maana mgonjwa hatakiwi kubeba kitu.

"Acha mluzi, baba watoto. Unauchosha moyo," alisema, akaegemea ukuta.

Tangu kaka wa kinyozi alale jioni akiwa mzima na kuamkia mochwari, mwanamke huyu hakuwa na amani. Mchana alishona nguo za watu. Usiku alilala mang'amung'amu, sikio likiwa kwenye pumzi za mumewe. Akinyamaza, anamtikisa. Akikoroma, anamshukuru Mungu. Alikuwa amechoka hoi, na alikuwa tayari kuchoka zaidi, mradi asiitwe mjane.

Ni yeye aliyemburuta hospitali. Huko walipewa kidude chembamba cha kuweka chini ya godoro, upande wa mgonjwa, kisome usingizi wake na mapigo ya moyo. Muuguzi alimwambia akishakiweka asikiguse. Alikiweka kwa mikono yake mwenyewe, na hakukigusa tena.

Leo ilikuwa siku ya majibu. Daktari aliitazama kompyuta kwa muda mrefu.

"Mzee, unaota ndoto?"

"Sana tu. Jana nilikuwa namnyoa simba."

Daktari hakucheka. "Hapa usingizi wa ndoto umekatikakatika. Na ule mzito, ambao presha hushuka na moyo ukapumzika, karibu haupo kabisa. Kila ukianza kuzama, unashtuka. Mapigo yanarukaruka. Moyo huu haujapumzika siku nyingi, na ukiendelea hivi hautavumilia. Leo hurudi nyumbani, tunakulaza."

"Lakini analala fofofo, daktari," mke alisema. "Mimi namsikia."

"Mashine haimwonei mtu, mama."

Mke alilia bila sauti. Alilia kwa woga, na kwa uchovu pia. Alijilaumu kwa kila mara aliyopitiwa na usingizi badala ya kumlinda. Hata hivyo, muuguzi alipoleta kiti cha magurudumu, alijifuta machozi kwa upindo wa kitambaa chake, akapiga magoti na kuanza kukunjua vibao vya kuwekea miguu, ili mumewe akae vizuri.

Kinyozi hakukaa. Utani wote ulikuwa umemwisha.

"Daktari," alisema, "godoro letu jembamba, na kile kidude kilikuwa kinaniumiza mbavu. Usiku ule ule wa kwanza nilikisukumia upande wa mama watoto."