Mpira wa Struan Kwenye Pai Zangu

Mpira wa Struan uliingia golini, ukapenya wavuni, ukatua kwenye sinia langu la pai za nyama ninazouza nyuma ya goli.

Refa akaashiria: umetoka nje.

"Refa, goli hilo! Muulize bibi wa pai!" Struan akapiga kelele. Kocha alishamwambia: usipofunga leo, mkataba basi. Ana miaka thelathini na minne, na goti bovu kuliko langu.

"Limeingia, mwanangu," nikamwambia refa. "Tazama pai zangu zilivyopondeka."

Refa akapitisha ngumi kwenye pengo la wavu, karibu na mlingoti. "Wavu ungekuwa umekazwa, ningeuona mpira ukinasa ndani. Nani kautundika?"

Daraja la nne hapa Uskoti, wachezaji hutundika wenyewe. Wenzake wote wakamgeukia Struan.

Akainama kukaza kamba za viatu, ambazo hazikuwa zimelegea.